Gerty Cori: Mwanamke aliyeifuata sukari hadi ndani ya misuli

Nyama ya ng'ombe aliyetulia kabla ya kuchinjwa huwa nyekundu ya kung'aa. Nyama ya ng'ombe aliyeswagwa mbali, akapigwa na kushinda njaa, huweza kuwa ya rangi ya kiza, kavu iliyokakamaa, na huharibika upesi. Hali hii hutokea hata kama wanyama hao wawili walikulia zizi moja na kula majani yale yale. Tofauti inatokana na akiba ndogo ya sukari iliyomo ndani ya misuli, pamoja na homoni zinazoamua akiba hiyo itumike lini na kwa kazi gani.

Mmoja wa watu waliotuwezesha kulielewa jambo hili ni daktari mwanamke ambaye kwa miaka mingi hakupewa cheo wala mshahara uliolingana na kazi yake. Katika makala haya tunayatazama maisha ya Gerty Cori, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Tiba, na tunaeleza kwa nini kazi aliyoifanya kwa panya, vyura na sungura inamhusu pia mfugaji wa ng'ombe.

Gerty Cori alizaliwa lini na wapi?

Gerty Theresa Radnitz alizaliwa tarehe 15 Agosti 1896 mjini Prague. Leo huo ni mji mkuu wa Jamhuri ya Czech, lakini wakati ule ulikuwa ndani ya Milki ya Austria na Hungaria. Alikuwa wa kwanza kati ya mabinti watatu wa familia ya Kiyahudi. Baba yake, Otto Radnitz, alikuwa mwanakemia na msimamizi wa viwanda vya sukari inayotokana na viazisukari. Kwa hiyo sukari ilikuwa riziki ya nyumba yao miaka mingi kabla binti huyo hajaifanya kuwa kazi ya maisha yake.

Kama mabinti wengi wa familia zenye uwezo za zama zile, Gerty alifundishwa kwanza nyumbani, kisha akapelekwa shule ya wasichana. Shule za aina hiyo hazikuwaandaa wanafunzi kwenda chuo kikuu. Alipofikisha umri wa miaka 16 aliamua kusomea udaktari, akitiwa moyo na ndugu mmoja wa wazazi wake aliyekuwa profesa wa magonjwa ya watoto. Ndipo alipogundua kwamba hakuwa na Kilatini cha kutosha, wala hesabu, fizikia na kemia zilizotakiwa kwenye mtihani wa kujiunga na chuo. Masomo ambayo wavulana waliyachukua kwa miaka kadhaa, yeye aliyakimbiza kwa muda wa takriban mwaka mmoja. Mwaka 1914 alikubaliwa katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Prague.

Huko alikutana na Carl Cori, mwanafunzi mwenzake wa umri sawa na wake. Wote wawili walipenda kupanda milima, na wote walivutiwa zaidi na maabara kuliko wodi za hospitali. Vita Kuu ya Kwanza vya Dunia viliwatenganisha kwa muda pale Carl alipochukuliwa jeshini. Mwaka 1920 walihitimu pamoja, na mwaka huo huo wakaoana. Gerty alijiunga na Kanisa Katoliki, lakini familia ya Carl iliendelea kuhofia kwamba asili yake ya Kiyahudi ingemharibia kijana wao maendeleo ya kazi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa ikipanda katika vyuo vya Ulaya ya kati. Njaa ya baada ya vita nayo ilikuwa kali. Gerty, akifanya kazi katika hospitali ya watoto mjini Vienna, alipatwa na ugonjwa wa macho kukauka unaosababishwa na upungufu wa vitamini A. Wawili hao waliona kwamba kama wangetaka kufanya utafiti kwa amani, iliwabidi waondoke.

Walipokelewaje Marekani?

Mwaka 1922 Carl alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa saratani mjini Buffalo, katika jimbo la New York. Gerty alimfuata miezi michache baadaye na kupewa nafasi ya chini kuliko ya mumewe. Mkuu wa taasisi alitaka kila mmoja abaki kwenye chumba chake, hata akatishia kumfukuza Gerty asipoacha kufanya utafiti pamoja na Carl. Hakuacha. Mwaka 1928 wote wawili wakawa raia wa Marekani.

Swali lililowashughulisha lilikuwa jepesi kulitamka: sukari ikishaingia mwilini, inakwenda wapi? Katika miaka ya 1850 Mfaransa Claude Bernard alikuwa amegundua kwamba ini huhifadhi sukari katika umbo linaloitwa glikojeni. Na mwaka ule ule akina Cori walipohamia Buffalo, Frederick Banting na wenzake mjini Toronto, Kanada, walikuwa wameanza kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa insulini. Homoni hiyo, inayotengenezwa na kongosho, wagonjwa wa mwanzo waliipata kutoka kwenye kongosho za ng'ombe zilizochukuliwa machinjioni.

Madaktari waliona kwamba insulini inashusha sukari ya damu, na kwamba adrenalini, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, inaipandisha. Lakini kuona sukari imepungua kwenye damu si sawa na kujua imekwenda wapi. Akina Cori waliamua kufanya hesabu kamili, kama mwenye duka anayekagua mali yake. Waliwapa panya kiasi cha sukari kinachojulikana. Baadaye walipima ni kiasi gani kilibaki tumboni, ni kiasi gani kilichomwa mwilini, ni kiasi gani kiliwekwa akiba kwenye ini na ni kiasi gani kwenye misuli. Kisha wakarudia vipimo hivyo wakiwa wamewachoma sindano ya insulini au ya adrenalini.

Mzunguko wa Cori ni nini?

Mwaka 1929 walieleza kile ambacho leo vitabu vya shule na vyuo vinakiita mzunguko wa Cori. Tunaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Msuli una akiba yake ya glikojeni. Mnyama anapokimbia, anaposhtuka au anapopigana, adrenalini humwagika kwenye damu na kuuamuru msuli uvunje akiba hiyo. Kazi ikiwa kali kuliko hewa ya oksijeni inayofika, sukari haichomwi hadi mwisho, bali inageuka kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo hutoka kwenye msuli, ikaingia kwenye damu na kufika kwenye ini. Ini huigeuza kuwa glukosi, yaani sukari ya damu, na kuirudisha kwenye mzunguko. Msuli ukishapumzika, huichukua glukosi hiyo na kujaza tena akiba.

Jambo la msingi hapa ni kwamba msuli na ini havina kazi sawa. Ini huweka sukari kwa ajili ya mwili mzima na linaweza kuitoa wakati wa njaa. Msuli huweka sukari kwa ajili yake wenyewe, kwa sababu hauna kimeng'enya cha kuifanya glukosi itoke na kuingia kwenye damu. Njia kubwa ya sukari ya msuli kuusaidia mwili mzima ni kupitia asidi ya laktiki na ini. Homoni ndizo zinazofungua na kufunga njia hizo.

Kwa nini alilipwa kidogo kuliko mumewe?

Pamoja na sifa hizo, vyuo vikuu vilimtaka Carl peke yake. Katika mahojiano na chuo kimoja, Gerty aliambiwa pembeni kwamba anamzibia mumewe njia, na kwamba si desturi ya Marekani mume kufanya kazi na mkewe. Vyuo vingi vya wakati huo vilikuwa na kanuni zilizokataza kuajiri watu wawili wa nyumba moja.

Mwaka 1931 walihamia Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Carl aliajiriwa kama profesa na mkuu wa idara. Gerty, aliyeandika naye tafiti zile zile, aliajiriwa kama msaidizi wa utafiti, kwa mshahara unaotajwa kuwa takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa Carl. Alibaki katika nafasi za chini kwa zaidi ya miaka 10.

Kwa matokeo, hata hivyo, miaka hiyo ilikuwa mikubwa. Kutoka kwa mnyama mzima walihamia kwenye msuli uliosagwa, na kutoka hapo hadi kwenye vimeng'enya vyenyewe. Mwaka 1936, wakitumia misuli ya vyura, walipata aina ya sukari iliyofungwa na fosfeti ambayo ndiyo hatua ya kwanza glikojeni inapovunjwa. Mwaka huo huo Gerty, akiwa na umri wa karibu miaka 40, alijifungua mtoto wao wa pekee, Tom. Baadaye walikitambua kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, yaani fosforilasi, na mwaka 1939 waliweza kutengeneza glikojeni ndani ya chupa ya maabara. Hapo kabla wengi hawakuamini kwamba kitu kikubwa namna hiyo cha mwilini kinaweza kuundwa nje ya chembe hai.

Maabara yao pia ilijulikana kwa kuwapokea watu waliofungiwa milango kwingine, wakiwemo wanawake na Wayahudi. Watafiti sita waliopitia hapo walikuja kupata Tuzo ya Nobel baadaye: Severo Ochoa, Arthur Kornberg, Luis Leloir, Earl Sutherland, Christian de Duve na Edwin Krebs.

Cheo cha profesa kamili Gerty alikipata mwaka 1947. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba yeye na Carl wameshinda Tuzo ya Nobel ya Tiba. Waligawana na Bernardo Houssay wa Argentina, aliyeonyesha kwamba homoni za tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nazo zina sauti katika matumizi ya sukari, mara nyingi zikivuta kinyume na insulini.

Ugunduzi huu unahusianaje na ng'ombe?

Akina Cori hawakufanya kazi yao zizini. Lakini kanuni walizozipata kwa wanyama wadogo ndizo msingi ambao wataalamu wa mifugo waliutumia baadaye, wakiongeza yale yanayomhusu mnyama anayecheua.

Binadamu akila ugali, wanga hugeuka kuwa glukosi na kuingia kwenye damu. Ng'ombe hayuko hivyo. Majani anayokula huchachushwa na vijidudu katika tumbo kubwa la kwanza, na kinachoingia kwenye damu kwa wingi ni asidi za mafuta zilizo nyepesi, si sukari. Mojawapo, propionati, hupelekwa kwenye ini na kugeuzwa kuwa glukosi. Ndiyo maana ini la ng'ombe hutengeneza sukari mchana na usiku, akiwa ameshiba au ana njaa. Na ndiyo maana sukari ya damu yake ni ya chini kuliko ya binadamu: kwa kawaida ng'ombe mzima huwa na kati ya miligramu 45 na 75 kwa kila desilita moja, wakati mtu mwenye afya ambaye hajala ana kati ya 70 na 100.

Katika hali hiyo ya sukari kidogo, homoni ndizo zinazogawa. Ng'ombe akila vizuri, hasa akipata nafaka inayoongeza propionati, insulini hupanda. Insulini huufungulia msuli mlango wa kupokea glukosi, huusaidia kujenga protini kutoka kwenye asidi amino, na huzuia protini iliyopo isivunjwe. Hapo ndipo mnyama anaponenepa. Lakini insulini ni amri tu. Kama chakula hakina protini ya kutosha, msuli unakosa matofali ya kujengea.

Wakati wa kiangazi kirefu mambo hugeuka. Insulini hushuka, na kotisoli, homoni nyingine ya tezi za juu ya figo, huchochea kuvunjwa kwa protini ya misuli. Asidi amino zinazopatikana hupelekwa kwenye ini zitengeneze glukosi kwa ajili ya ubongo na viungo vingine. Mfugaji anaona mbavu zikitokeza na mapaja yakipungua. Kinachotokea ndani ni kwamba mnyama anaula msuli wake mwenyewe ili sukari ya damu isizimike.

Ng'ombe aliyezaa karibuni naye ana mgawanyo wake. Kutengeneza lita moja ya maziwa kunahitaji takriban gramu 70 za glukosi. Anayetoa lita 20 kwa siku anahitaji karibu kilo moja na nusu kwa ajili ya maziwa peke yake. Katika wiki za mwanzo insulini yake huwa chini na homoni ya ukuaji, inayotoka kwenye ile tezi aliyoichunguza Houssay, huwa juu. Msuli husikia insulini kwa uzito, lakini kiwele huchukua glukosi bila kuisubiri. Ndiyo sababu ng'ombe wa maziwa hukonda baada ya kuzaa hata akiwa na malisho mbele yake.

Tukirudi kwenye nyama tuliyoanza nayo, hesabu ni ile ile. Msuli wa ng'ombe aliyepumzika na kushiba una glikojeni kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Akishachinjwa, damu haipeleki tena asidi ya laktiki kwenye ini. Mzunguko wa Cori umekatika, na asidi inabaki pale ilipotengenezwa. Kipimo cha pH cha nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 ndani ya siku moja. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi nzuri na kuchelewesha bakteria. Kama mnyama alitembezwa mno, aliogopeshwa au alifungiwa na madume wasiojuana wakapigana usiku kucha, adrenalini imekwisha kuimaliza akiba. Hakuna cha kugeuka asidi, pH hubaki juu, na nyama inakuwa ya kiza na isiyodumu.

Tena, kwa kuwa ng'ombe hapati glukosi nyingi kutoka tumboni, msuli wake hujaza akiba polepole kuliko wa wanyama wengi wasiocheua. Akiba iliyokwisha kabisa huhitaji siku kadhaa za maji, malisho na utulivu, na usiku mmoja mnadani hauwezi kuirudisha. Kwa mfugaji au mfanyabiashara anayewasafirisha ng'ombe kwa miguu au kwa lori hadi machinjioni, kutompiga mnyama na kumpa mapumziko ni njia ya kulinda uzito na thamani ya mali yake, na ni haki ya mnyama pia.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Mwaka 1947, muda mfupi kabla ya safari ya kwenda Stockholm, Uswidi, kupokea tuzo, Gerty alizimia akipanda mlima huko Colorado. Vipimo vilionyesha ugonjwa wa uboho wa mifupa ambao haukuwa na tiba. Mwili wake ulikuwa unashindwa kutengeneza damu.

Alikwenda Stockholm, akarudi, na akaendelea kufanya kazi kwa miaka 10, akiongezewa damu mara kwa mara. Karibu na ofisi yake kuliwekwa kitanda kidogo cha kupumzikia. Katika miaka hiyo aligeukia watoto wanaozaliwa na maini yaliyovimba kwa glikojeni huku sukari ya damu yao ikiwa chini mno. Mwaka 1952 yeye na Carl walionyesha kwamba katika aina moja ya ugonjwa huo ini limekosa kimeng'enya kile kile ambacho msuli haunacho kwa kawaida, kile kinachoitoa glukosi kwenda kwenye damu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wa kurithi wa namna hii kuhusishwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja kinachojulikana. Aina nyingine ya ugonjwa huo leo inaitwa kwa jina la Cori.

Gerty Cori alifariki dunia nyumbani kwake St. Louis tarehe 26 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 61. Carl aliishi hadi mwaka 1984.

Anakumbukwaje leo?

Shimo moja kwenye uso wa mwezi limepewa jina lake. Mwaka 2008 Marekani ilitoa stempu yenye picha yake pamoja na mchoro wa ile sukari ya mwaka 1936, ingawa mchoro huo ulichapishwa ukiwa na kosa. Wanafunzi wa udaktari na wa tiba ya mifugo hujifunza mzunguko wa Cori, mara nyingi bila kuambiwa kwamba jina hilo ni la watu wawili, na kwamba mmoja wao alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo akiwa na cheo cha msaidizi.

Alichotuachia kinaweza kuelezwa hata kwa mtu asiyewahi kuingia maabara. Kula ni jambo moja, na mwili kukitumia chakula ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili ziko homoni zinazoamua kama sukari itakwenda kwenye msuli, kwenye ini, kwenye kiwele au kwa mtoto aliye tumboni. Anayemlisha mnyama vizuri na kisha kumtesa siku ya mwisho amelipia chakula ambacho hatakiona kwenye nyama.